Flashi ya kamera: ununue oto au manyuo? Nilivyozipanga kwa anayepiga picha Dar

Kuna dakika moja kwenye kila harusi ya hapa Dar ambayo flashi ya manyuo, ile unayoiseti nguvu mwenyewe, inakuumbua, nayo ni pale maharusi wanapoingia ukumbini. MC ameshapandisha sauti, watu wote wamesimama, simu ziko juu, bibi harusi anatokea mlangoni kule kama mita 8 hivi anakuja anacheza taratibu kuelekea kwako na wewe unarudi kinyumenyume huku unapiga. Sasa hesabu yake iko hivi, mwanga wa flashi umbali ukiwa mara mbili unabaki robo, kwa hiyo mtu aliyekuwa mita 8 akifika mita 2 anapigwa na mwanga mara 16 ya ule wa mwanzo. Kama uliseti nguvu ya kumtosha kule mlangoni, akifika karibu gauni linakuwa karatasi nyeupe, hakuna lesi, hakuna shanga, hakuna mkunjo hata mmoja. Ili uende naye sawa inabidi ushushe nguvu kutoka 1/1, yani nguvu yote, kwenda 1/2, 1/4, 1/8 mpaka 1/16 huku unatembea, unalenga na unaruka nyaya za mtu wa video.

Mi hilo lilinikuta mwaka wangu wa kwanza kwenye hii kazi, nilikuwa nimenunua flashi ya bei ya chini kabisa bila kuuliza chochote, na mama mzazi wa yule dada akaniuliza mbona picha za kuingia ukumbini hazipo kwenye albamu. Sikuwa na jibu la kumpa. Ndo maana naandika hii, bado naona vijana wananunua kwa kuangalia bei tu na harusi ya mtu hairudiwi.

Tuelewane kwanza maneno. Manyuo ni kama gari ya gia, flashi inatoa nguvu uliyoipangia wewe na haijali aliyeko mbele yako yuko wapi. Oto ninayoongelea hapa ni TTL, yani ukibonyeza, flashi inatoa mwanga mdogo wa kupima kabla ya picha, kamera inausoma kupitia lenzi halafu inaiambia flashi itoe kiasi gani, yote hayo kwa haraka ambayo jicho haliyatenganishi. Kuwa makini sana hapa maana kuna maboksi yameandikwa oto na muuzaji atakuapia ni oto, kumbe kinachojiendesha ni zumu ya kichwa cha flashi tu, ile ya kufuata lenzi yako, nguvu bado unaseti mwenyewe. Uliza neno moja tu, ina TTL ya kamera yangu? Na useme flashi ya kamera tangu mwanzo, ukisema flashi peke yake Kariakoo unaletewa ile ya kuhifadhia mafaili.

Kanuni ninayoitumia mimi ni umbali. Kama wewe na unayempiga hamsogei, nunua manyuo na usidharauliwe na mtu: studio ya picha za pasipoti, mtu anayepiga viatu, keki au nguo za kuuza Instagram, picha za familia sebuleni na mwavuli kwenye stendi. Ukishapata nguvu sahihi mara moja, picha ya kwanza na ya mia zinafanana, na hiyo oto haikupi. Kama watu wanatembea, yani sendofu, kitchen party, ubarikio, maulidi, mikutano, chukua TTL. Na kitu ambacho wauzaji hawakiambii ni kwamba flashi za TTL hizi za kisasa zina M ndani yake, ukitaka manyuo unaipata kwa kubonyeza, ila ya manyuo hata ufanyeje haiwi TTL.

Lakini TTL nayo isikudanganye. Kamera inapima kwa kudhani kila kitu mbele yake kina weupe wa wastani, kwa hiyo gauni jeupe likijaa fremu inapunguza mwanga na gauni linatoka la kijivu na uso wa bibi harusi unafifia, hapo ongeza kwenye flashi +0.7 au +1. Bwana harusi na wapambe wake wote suti nyeusi, inafanya kinyume, inaongeza mpaka nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta, shusha kidogo. Steji za siku hizi zina vioo, dhahabu na taa nyuma ya maharusi, mwanga ukirudi kwenye lenzi TTL inachanganyikiwa kabisa. Mimi ikifika ile foleni ya picha za stejini, wazazi, wakwe, kamati, wafanyakazi wenzake, nahamia M, maana pale mimi nimesimama na wao wanasimama palepale, napiga moja ya majaribio, nabaki hapohapo mpaka foleni iishe.

Kingine ni dari. Kwenye nyumba ya kawaida yenye gipsamu nyeupe unageuza kichwa cha flashi juu, mwanga unadunda unashuka laini, picha tamu kabisa na tofauti ya umbali haikusumbui sana. Ukumbini hali ni nyingine, dari iko juu sana au mpambaji ameshalifunika na vitambaa vya zambarau na mwanga ukidunda pale unarudi na rangi ya zambarau usoni kwa watu. Ndo maana flashi ya ukumbini inatakiwa iwe na nguvu na kichwa kinachogeuka pande zote, ukutani, nyuma yako, popote ulipo weupe. Flashi ambayo kichwa hakigeuki usinunue hata kwa bei ya chai.

Haya, orodha yangu.

Namba moja naiweka Godox TT685 II. Ina TTL, ina manyuo, ina HSS, yani kupiga flashi na shata ya kasi sana, mpaka shata ya 1/8000 ya sekunde, inatumia betri nne za AA, na ina rimoti ya redio ndani ya 2.4 GHz. Inauzwa karibu mara mbili ya ile ya manyuo ya kampuni hiyohiyo na kiukweli hiyo nyongeza inarudi kwa harusi chache tu. HSS niifafanue kidogo maana watu wanaiona ni urembo: kamera nyingi flashi inaishia shata ya 1/200 au 1/250, ukipita hapo bila HSS unapata mstari mweusi umekata picha. Sasa una maharusi Coco Beach jua la saa 6 mchana, kwa ISO 100 na shata ya 1/200 jua lile linataka kama f/11, yani tundu la lenzi dogo, na wewe unataka f/2.8, tundu kubwa, ili nyuma pawe na ukungu ule wateja wanaoupenda, hiyo inakupeleka shata ya 1/3200. Bila HSS huwezi kujaza kivuli cha macho pale. Ujue tu HSS inakula nguvu sana ya flashi kwa hiyo sogea karibu na watu wako.

Namba mbili Godox TT600, hii ndo manyuo ninayoikubali. Nguvu inashuka mpaka 1/128, bei ni ya kuanzia, na sababu kubwa ya kuiweka hapa ni redio, inaongea lugha moja na TT685 II. Yani leo unanunua TT685 II, baada ya miezi unaongeza TT600 unaiweka kwenye stendi kona ya ukumbi nyuma ya meza ya maharusi, ile ya kwenye kamera inaiamrisha, na picha zako zinaanza kuonekana za hela nyingine. Ikiwa nje ya kamera kwenye stendi inafanya hata HSS, ikiwa juu ya kamera haifanyi. Mwenye Sony aulizie TT600S, ndo iliyotengenezwa kwa mguu wa Sony.

Namba tatu Godox V860III, na kama una harusi kila Jumamosi isome kama namba moja. Ndani ni kama TT685 II ila betri ni ya lithiamu, kampuni inasema mapigo 480 kwa nguvu yote, na inajaza tena kwa sekunde 1.5. Sekunde 1.5 unaziona ndogo mpaka siku baba anamlisha binti yake keki na flashi yako ya AA inasubiri kujaa. Nimeishusha kwa sababu ya bei tu, na betri ikichoka unatafuta ya aina yake, huikuti duka la mangi kama AA.

Godox V1 yenye kichwa cha duara ni nzuri, betri yake ni ya jamii hiyohiyo na mwanga wake kingo zake ni laini, ila ukishadundisha mwanga ukutani mteja hatofautishi, mi hiyo hela naiweka kwenye lenzi.

Za Canon na Nikon zenyewe, used, kama 600EX-RT au SB-700, ni imara na TTL yake haina maswali. Nimeziweka namba nne kwa sababu used ya Dar imefanya kazi, imepiga harusi ngapi hujui, na ukitaka kuongeza ya pili bei inakukata. Ukiipata kwa mtu unayemjua, aliyekuwa anaitunza, chukua.

Namba tano Yongnuo YN560 IV. Manyuo, haina HSS kabisa, redio yake inaongea na za kwao tu. Kwa studio ndogo inatosha na wengi wetu tumejifunzia hizo, ila leo ukiwa unaanza sioni kwa nini uingie kwenye familia ambayo ukitaka kukua unaanza upya.

Ya mwisho kabisa ni zile flashi za zamani za filamu ambazo bado zinazunguka, kama Vivitar 283. Zile nazo zinaitwa oto na ni kweli, zina jicho lao mbele linalopima mwanga unaorudi, ila baadhi ya 283 za zamani zinapitisha volti zaidi ya 200 kwenye pini na kamera ya dijitali inaweza kuungua. Usichomeke kwenye kamera yako hata kwa kujaribu.

Sasa kitu ambacho kinawaliza watu wenye kamera za kuanzia. Pale juu ya kamera unapochomeka flashi kuna kidoti kikubwa cha chuma katikati, flashi za manyuo zinategemea hicho tu. Canon wakakiondoa kwenye kamera zao za bei ya chini, 4000D, 250D, na 2000D nyingi, na hizo ndo kamera wanazonunuliwa vijana wengi wanaoanza. Ukichomeka TT600 au YN560 pale haiwaki, flashi nzima, kamera nzima, na muuzaji atakwambia umeharibu wewe. Angalia kamera yako sasa hivi kabla hujatoka nyumbani. Kama kidoti hakipo tafuta TTL ya Canon inayopitia vile vidogo, na hata hiyo ijaribu kwenye kamera yako mwenyewe usikubali neno la mtu.

Betri: AA za kawaida zile za rimoti ya TV sahau, zinakufa na zinachelewesha. Chukua za kuchaji za NiMH, Eneloop za 2000 mAh ni nzuri, uwe na seti tatu maana umeme ukikata mchana wa harusi huna pa kuchajia. Ukiona AA ya NiMH imeandikwa zaidi ya 3000 mAh iache dukani, hakuna AA ya NiMH yenye uwezo huo.

Kununua kwenyewe nenda asubuhi siku ya wiki, Jumamosi Kariakoo hakuna atakayekupa muda. Beba kamera yako, betri zako nne zilizojaa na kadi. Hakikisha herufi kwenye boksi ndo kamera yako, C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, muuzaji akisema zinaingiliana mwambie aichomeke tupige. Piga ukuta mweupe kwa kila nguvu kuanzia 1/128 mpaka 1/1, uone mwanga unapanda kweli, halafu nguvu yote mara kumi uhesabu inajaa kwa sekunde ngapi. Kwa TTL simama mita 1 na mtu, piga, rudi mita 4, piga tena bila kugusa kitu, picha zikitofautiana sana mwangaza irudishe. Kama ni used fungua mlango wa betri uangalie kutu ya kijani, chungulia kioo cha mbele kama mrija umeungua mweusi, sikiliza mota ya zumu isiwe inakwaruza. Dai risiti ya EFD na waandike namba ya flashi. Ukifika nyumbani usiiache na betri ndani wiki nzima, hewa ya huku kwetu ina chumvi, mi naziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.