Seti ya kushona mandhari kwa mkono: vitambaa na nyuzi safi sana, mchoro ndo umeniudhi

Nimemaliza jana usiku, wiki tisa hivi tangu nifungue boksi, na nimeona niandike sasa hivi maana nilipokuwa natafuta maoni kuhusu hizi seti za kushona taratibu kwa mkono sikupata mtu aliyeelezea vilivyomo ndani, kila mtu anasema tu nzuri, inatuliza akili. Inatuliza kweli. Lakini uzi ukiwa mbovu haikutulizi, inakutia hasira.

Kwa ambaye hajui, hii sio ile ya kuhesabu vishimo na kujaza rangi. Unapanga vipande vya vitambaa juu ya kitambaa cha chini, unavishikiza, afu unapitisha mishono midogo midogo juu yake mpaka kinatokea kitu, kwenye hii seti ni vilima, mashamba, njia na mti. Kingo za vitambaa unaziacha zichakae zichakae tu, hazikunjwi, na ndo uzuri wake maana ukingo wa shamba kiukweli nao haujanyooka.

Vitambaa nawapa hongera. Kuna kitani, pamba laini na kipande cha sufu, vyote rangi za udongo na majani makavu, na kile kitani kimefumwa wazi kidogo kiasi kwamba sindano inapita bila kusukumwa, ukishona saa nzima vidole haviumi. Wamejaza na vipande vidogo vya nguo zilizotumika, hivyo navipenda kuliko vyote, kitambaa kilichofuliwa sana kina ulaini ambao kipya hakina.

Nyuzi ndo nataka niongee kidogo. Ni pamba ile ya kawaida ya kudarizia, kila uzi umekusanya nyuzi 6 nyembamba unazoweza kuzitenganisha, na hapa kijitabu cha maelekezo hakijasema kitu kabisa wakati hii ndo siri yote ya mandhari. Kilima cha mbali kishone kwa uzi mwembamba mmoja tu kati ya hizo 6, rangi iliyofifia, mishono mifupi. Ukisogea karibu weka 2, weka 3, na nyasi za mbele kabisa miguuni pako weka zote 6 na mshono mrefu. Macho yenyewe yataona umbali, huhitaji kuchora kivuli wala nini. Mimi nimeligundua hilo wiki ya tatu, nikafumua kilima kizima, na sijutii. Kingine, ukitenganisha vuta uzi mmoja mmoja kutoka juu huku umeshika iliyobaki, ukivuta miwili kwa pamoja inajiviringisha fundo. Na kata urefu wa kutoka kwenye vidole mpaka kiwiko basi, uzi mrefu unasuguka kwenye kitambaa kila ukipita, mwisho unakuwa na manyoya na kukatika.

Kabla ya kuanza lowesha kipande cha uzi mwekundu kwenye maji ubonyeze kwenye kitambaa cheupe. Wangu ulitoa rangi! Nimeuacha, nikatumia wa kahawia.

Sindano sasa. Wameweka mbili na zote ni butu, zile za kitambaa cha vishimo. Ukiwa na tabaka tatu za nguo sindano butu haipiti, inasukuma kitambaa kinajikunja, nilihangaika siku mbili nikidhani nakosea mimi kumbe kifaa. Tafuta sindano yenye ncha kali na tundu refu, kazi inabadilika hapo hapo. Kalamu ya kuchorea nayo muwe makini, ni ya wino unaopotea ukipiga pasi, na unapotea kweli, ila huo wino ukipata baridi kali unaweza kurudi, kwa hiyo kwa kazi unayotaka ikae miaka tumia chaki au piga tu bandi, ule mshono wa kawaida wa ndani nje, kwa uzi utakaouvuta baadaye.

Kijitabu kina ukurasa mmoja nimeurudia mara nyingi, kinaeleza kantha, ushonaji wa Bengal huko India na Bangladesh, ambapo wanawake walikuwa wanapanga sari zilizochakaa tabaka juu ya tabaka na kuziunganisha kwa bandi, na nyuzi zenyewe wanazichomoa kwenye pindo za sari hizo hizo. Pia sashiko ya Japani, uzi mweupe juu ya nguo ya nili, yaani buluu iliyoiva, watu wa vijijini wakiimarisha nguo za kazi. Yaani mshono ni ule ule mmoja, ndani nje ndani nje, na umebeba kazi zote hizo. Baada ya kusoma hapo niliacha kutafuta mishono migumu, shamba langu lote lililolimwa ni bandi tupu, mistari inafuata mwinamo wa ardhi, pale ardhi inapopanda mistari inabanana, inaposhuka inaachana.

Na ndo maana mchoro umeniudhi. Kitambaa cha chini kimechapishwa vilima vitatu vya mviringo sawasawa na mti mmoja katikati, mistari minene kabisa inayokuambia sindano ipite wapi. Hivyo vilima haviko popote! Kazi nzima ya mtindo huu ni kutoka nje ukaangalia ardhi unayoishi nayo, ukaona njia ya miguu inakwepa wapi, uzio umelalia upande gani, shamba lililovunwa lina rangi gani jioni, afu ukarudi kushona ulichokiona. Mimi niligeuza kitambaa upande wa nyuma usio na chapa, nikatoka na daftari asubuhi nne tofauti, nikachora mistari mitano tu ya ule mteremko ninaopita kila siku, na mti nikauweka pembeni kabisa maana ndipo ulipo. Ilibadilika kabisa, nilianza kuona vitu kwenye ule mteremko ambavyo sijawahi kuviona, kwa mfano kwamba nyasi za chini kwenye bonde zinabaki kijani wakati za juu zimeshakauka. Hiyo kijani nimeishona kwa uzi wa mwisho uliobaki, mstari mmoja tu.

Kwa hiyo nunueni, kwa ajili ya vitambaa na nyuzi, sindano mtafute yenu. Watengenezaji nimewaandikia niwaombe wauze boksi hili hili na kitambaa cha chini kitupu, wakijibu nitakuja kuongezea hapa.