Manukato mazito ya kiume kwa joto la Tanga: ipi ununue kwanza

Ukitaka kununua pafyumu ya bei kubwa hapa Tanga, usitoe hela siku ile ile uliyoinusa. Omba wakupulizie mkononi, kisha toka dukani, panda bajaji, kafanye shughuli zako, uje uinuse tena baada ya saa nne. Manukato ninayoyazungumzia hapa hayana harufu moja. Yana tabaka, na kila tabaka lina saa yake. Kinachokuvutia dakika za mwanzo mara nyingi ni machungwa na viungo vyepesi, na hivyo kwa jua letu ni waja leo, waondoka leo. Kinachobaki mwilini saa nane mchana ndicho ulichokilipia.

Nimezipanga pafyumu nne. Sikuangalia ipi ina sifa kubwa duniani, bali ipi mwanamume wa Tanga anaweza kuivaa na watu wakakaa naye karibu kwa raha. Zote nimezivaa wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, maana tofauti ni kubwa. Joto hurusha manukato haraka. Vile vyepesi hupotea mapema, na vizito kama ubani, udi na ngozi hupanda kwa nguvu kuliko vinavyopanda huko Ulaya kwenye baridi. Pafyumu ambayo Mfaransa anaisifu kwa upole wake, hapa mwezi wa pili inaweza kujaza chumba kizima.

Ya kwanza ni Timbuktu, ya L'Artisan Parfumeur ya Ufaransa. Ilitoka mwaka 2004 na mtungaji wake ni Bertrand Duchaufour. Wazo alilipata Mali, kwa wanawake wanaoloweka mbao, mizizi na mafuta mazuri kisha wakavifukiza, kitu wanachokiita wusulan. Mwelezee habari hiyo mwanamke yeyote wa Pwani, atakuambia ni ndugu yake udi unaopikwa na sukari na marashi. Ukiipulizia, unakutana na embe bichi. Siyo embe dodo lililoiva, ni lile bichi la kuliwa na chumvi na pilipili, lenye utomvu bado. Nyuma yake iliki. Halafu, taratibu, unakuja ubani mkavu, mafunjo, manemane, na mizizi ya nyasi iitwayo vetiva inayonukia kama udongo uliopata mvua kidogo tu. Ina moshi, lakini moshi wa mbali, wa nyumba ya jirani.

Nimeiweka mbele kwa sababu inastahimili jasho. Kuna pafyumu nyingi nzuri ambazo zikichanganyika na jasho huwa kama sharubati iliyochacha. Hii jasho likija ndiyo inazidi kukauka na kutulia. Unaweza kuivaa ofisini, msikitini, sokoni Mgandini, hata ukiendesha baiskeli kutoka Makorora. Ubaya wake ni muda: ni eau de toilette, yaani pafyumu ya aina nyepesi, na kwangu ikifika saa tano imebaki ngozini tu, mpaka mtu akukumbatie. Mimi hilo halinisumbui. Anayetaka asikiwe toka asubuhi hadi isha atalalamika.

Ya pili, Jubilation XXV ya Amouage. Amouage ni kampuni ya Oman, ilianzishwa mwaka 1983 kwa agizo la Sultan Qaboos, na hii ilitungwa kuadhimisha miaka 25 ya kampuni. Mtungaji ni yule yule Duchaufour. Humo mna tunda jeusi la msituni lenye uchachu, asali, waridi, mdalasini, ubani na udi. Ukiyasoma hayo unaogopa kwamba itakuwa tamu mno, lakini ubani umeishika sawasawa. Ni pafyumu ya heshima, ya kanzu na koti. Niliivaa kwenye arusi ya shemeji yangu, na mama mkwe aliponipokea mlangoni, kabla sijamaliza shikamoo, akaniuliza, “Mwanangu, huko ndani mmeshaanza kufukiza?” Hapakuwa na chetezo hata kimoja kilichowashwa. Hapo nilielewa kwamba sisi huku tuna faida ambayo wanunuzi wengi wa Ulaya hawana: harufu hizi tumezikuta nyumbani, hatuhitaji kufundishwa kuzipenda. Pulizo mbili zinatosha. Kwa ofisi ni nyingi mno, hasa chumba kikiwa na feni tu.

Sasa Interlude Man, nayo ya Amouage, ya mwaka 2012, kazi ya Pierre Negrin. Katika hizi nne hii ndiyo niipendayo kuliko zote, na hata hivyo nimeiweka ya tatu. Nieleze vizuri kwa nini.

Inaanza kwa fujo. Kuna oregano nyingi, jani la viungo lenye ukali wa kijani, kama mtu amefikicha majani ya dawa akakusogezea puani. Papo hapo moshi. Kwa dakika 20 hivi vitu hivyo vinagombana, na mtu akiinusa hapo tu ataiweka chini na kuondoka dukani. Kisha ubani unaingia, si ule mkavu wa Timbuktu, bali wa chetezo ambacho kaa lake limeshika sawasawa. Halafu ngozi, pachuli, udi, sandali, na ambari. Hapa niseme jambo moja, maana watu wa Pwani tunalipotosha: ambari inayotajwa kwenye pafyumu kama hizi kwa kawaida siyo ile ya nyangumi. Ni mchanganyiko wa utomvu wa miti na vanila, mtamu na wa joto. Ile ya baharini ni kitu kingine kabisa.

Ajabu ya Interlude ni kwamba haitulii mahali pamoja. Unanusa shati adhuhuri unakuta ngozi. Alasiri unakuta utamu. Usiku moshi umerudi, na kesho yake shati bado linanukia. Jina lake maana yake ni kituo kifupi katikati ya mambo, na kweli katikati ya ile fujo kuna utulivu, ila uusubiri.

Lakini mwaka wa kwanza niliivaa vibaya. Ilikuwa Februari, nikajipulizia mara nne nikapanda daladala ya Pongwe kwenda kwenye maulidi. Pembeni yangu alikaa mama na mtoto mdogo. Mtoto akaanza kukohoa. Yule mama hakusema neno, alifungua dirisha, akamgeuza mtoto uso upande wa upepo, na kituo kilichofuata akahamia nyuma. Niliumia, na bado naumia nikikumbuka. Tangu siku hiyo Interlude naivaa kuanzia Juni hadi Agosti tu, baada ya magharibi, pulizo moja kifuani ndani ya shati. Usiku wa Julai pale Raskazone, kusi ikivuma kutoka baharini, hakuna pafyumu ninayoijua inayoifikia. Ila usiifanye ya kwanza, na usiinunue kama pesa yako inatosha chupa moja tu.

Ya nne ni Encre Noire ya Lalique, ya mwaka 2006, aliyoitunga Nathalie Lorson. Kwa haki haina tabaka nyingi kama wenzake: vetiva, miberoshi, miski, basi. Ni nyeusi na ya kibaridi, kama kusimama kwenye kivuli cha miti mikubwa baada ya mvua. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya Amouage, kwa hiyo kijana anayetaka kujua kama manukato ya aina hii yanamfaa aanzie hapa. Wengine wataiona ya huzuni.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Black Afgano, pafyumu ya kampuni ya Nasomatto. Ni nzuri, nzito kama lami, na kwa hali ya hewa yetu sishauri.

Kuhusu kununua kwenyewe: maduka ya unyunyu wa kupima ni mengi mjini, na yana mafuta mazuri sana kwa bei ya mtu wa kawaida. Lakini jina lililobandikwa kwenye dumu siyo pafyumu yenyewe, ni mafuta yanayoifanania. Ukiyapenda, yanunue kwa thamani yake, usilipe bei ya chupa halisi. Chupa za bandia nazo zipo; moja niliuzwa mimi, na niligundua nikiwa nimeshafika nyumbani. Angalia namba iliyopigwa chini ya chupa kama inafanana na ya kwenye boksi. Amouage za kiume kifuniko chake kimechongwa kwa mfano wa mpini wa jambia la Oman, na hushikwa na sumaku: ukikisogeza kinajivuta chenyewe na kukaa. Kikilegea, rudisha.

Bora zaidi ni kutafuta anayegawa kutoka chupa halisi akupimie mililita 2 au 5. Ivae wiki nzima, siku ya joto na siku ya mvua, na umuulize anayelala nawe, siyo muuzaji. Ukishanunua, chupa ikae kabatini gizani ndani ya boksi lake, kamwe si dirishani wala kwenye gari.

Kwangu, Alhamisi usiku mke wangu hufukiza kanzu kwa udi. Ijumaa asubuhi naongeza Timbuktu, pulizo moja shingoni, na moshi wa udi na lile embe bichi hukutana njiani kwenda msikitini.