Mauzo ya vyombo nyumbani: yaliyowafanya wageni wangu wazungumze, na yaliyowanyamazisha

Huduma yenyewe iko hivi: wakala wa vyombo vya plastiki vya kuhifadhia chakula anakuja nyumbani kwako na begi lake, wewe unaalika majirani, mawifi na wanakikoba wenzako, yeye anaonyesha, anayependa anaagiza. Mwenye nyumba halipwi pesa. Anapewa chombo cha zawadi kulingana na mauzo ya siku hiyo. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na nimeshawakaribisha mawakala wawili tofauti. Kampuni zao sizitaji, kwa sababu ninachotaka kusema hakihusu nembo iliyo chini ya bakuli. Kinahusu kitu ambacho kwangu ndicho kinaamua siku iende vizuri au iharibike: wageni wanazungumza, au wamekaa kimya wakingoja soda?

Nalipa uzito jambo hili kwa sababu mgeni akinyamaza, ana hofu. Anajua ameitwa ili anunue, hali ya pochi yake anaijua mwenyewe, na akiondoka mikono mitupu anaona ameniudhi mimi, si wakala. Wakala atapanda daladala na kwenda zake. Mimi ndiye nitakayekutana na yule mama gengeni asubuhi, na kama alitoka kwangu amebanwa, salamu yake nitaijua tu.

Wakala wa kwanza aliongea peke yake mwanzo hadi mwisho. Alipanga vyombo mezani, akasimama mbele yetu, akatupa ukubwa, rangi, bei na dhamana. Alijua kazi yake, sina neno. Lakini alipouliza, "Kuna swali?" sebule nzima iliangalia chini. Swali la namna hiyo halijibiki. Ukiuliza utaonekana hukusikiliza, au utaonekana umeshaamua kununua. Wageni wangu wakachukua vitabu vya bei, wakavipitisha mkono kwa mkono, wakaaga mapema.

Wa pili ndiye aliyenifanya niandike haya. Alifika mapema kabla ya wageni, akaniomba tusukume masofa ukutani na kutandika mkeka, ili watu wakae kwa duara na kuonana nyuso. Halafu akanihoji mimi: nani anauza chakula, nani ana mtoto mchanga, nani mkubwa kuliko wote kwa umri, nani hapendi kutajwa mbele za watu. Wageni walipofika alianza kwa kumwamkia bibi wa nyumba ya jirani, akapiga goti kabisa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Hapo tu nusu ya ugeni ulikuwa umeondoka.

Swali lake la kwanza halikuhusu vyombo. Aliketi mkekani, begi likiwa bado limefungwa, akasema, "Jamani, nani kati yetu wiki hii amemwaga chakula?"

Wakatazamana. Kisha wifi yangu akacheka, akasema umeme ulikatika usiku na sufuria nzima ya maharage ikachacha. Basi ikawa ndiyo imefunguliwa njia. Mwingine akaja na fukusi kwenye unga wa sembe. Mwingine akalalamika kuwa akiweka dagaa kwenye friji, mpaka maziwa yananuka dagaa. Mama mmoja anayeuza chapati na supu akaeleza tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 alivyohangaika kutafuta pa kuhifadhia nyama vipande vipande. Hakuna aliyekuwa anauziwa kitu. Walikuwa wanaelezana mambo ya jikoni kwao, na wakala alikuwa anasikiliza kweli; baadaye, kila alipotoa chombo, alimgeukia mtu mahususi: "Hiki, mama, ni kwa ajili ya ile nyama uliyosema."

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ufundi wote. Aliuliza kitu ambacho kila mwanamke pale alikuwa na jibu lake, jibu lisilogusa pesa, na lisilomwonyesha mtu kuwa mjinga.

Bibi naye hakuachwa. Aliulizwa zamani kwao Kilwa walihifadhije, na akatupa somo la ng'onda na papa mkavu, la chumvi na jua, la nafaka iliyotiwa majivu ya kuni ili isiliwe na wadudu. Wasichana waliokuwa wameinamia simu waliziweka chini. Wakala hakumkatiza hata mara moja. Angeweza kuona anapoteza muda, kwa kuwa bibi hakuwa na mpango wa kununua chochote. Lakini mkubwa akishazungumza kwa raha, wadogo wote wanapata ruhusa ya kuzungumza. Nimeliona hilo misibani, arobaini za watoto na kwenye vikao vya harusi, na sijui kwa nini mawakala wengi hawalijui.

Baada ya hapo ndipo vitu vikaingia mikononi. Alitia maji kwenye bakuli, akafunga, akampa jirani yangu mmoja mpole sana aligeuze juu chini juu ya mkeka wangu. Alisita, akageuza. Tone halikudondoka, akatabasamu, na kuanzia hapo sauti yake tukaisikia. Kila mtu akafundishwa kufunga mfuniko: bonyeza katikati, inua ukingo kidogo, hewa itoke, achia.

Mfuniko huo, kwa wasiojua, ndio ulioukuza mtindo mzima wa kuuza vyombo hivi majumbani. Mmarekani Earl Tupper alianza kuuza vyombo vyake vya Tupperware mwaka 1946, na madukani vilidoda, kwa kuwa mteja aliyevikuta kwenye rafu hakuelewa mfuniko unavyofungwa. Kuuza kwa kukusanya watu nyumbani kulikuwapo hata kabla yake. Ila Brownie Wise, mama aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, alivichukua vyombo vile akavifikisha sebuleni, na akafahamika kwa kulirusha bakuli lililojaa kimiminika ili watu waone halimwagi. Mwaka 1951 kampuni ikaviondoa vyombo madukani ikamkabidhi mauzo ya nyumbani. Mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week, na mwaka 1958 akafukuzwa, jambo linaloniuma kila nikilikumbuka. Kampuni hiyo, kwa kulemewa na madeni, iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake Septemba 2024. Ninachokiona katika historia hiyo ni kwamba chombo kilishindwa kuuzika palipokuwa kimya, kikauzika palipokuwa na watu wanaoshika, wanaouliza na wanaobishana.

Na kubishana kulikuwepo. Mgeni mmoja alisema wazi, "Vya Kariakoo bei yake nusu ya hivi. Tofauti ni nini?" Mimi kama mwenyeji nilishikwa na joto. Wakala hata hakukunja uso. Akaniuliza kama ninavyo vya Kariakoo, nikaleta viwili kutoka kabatini, akavitia maji mbele yetu na kumpa yule yule aliyeuliza avigeuze. Kimoja kilivuja. Kingine kilishika vizuri, na wakala akasema, "Hiki ni kizuri, dada. Kwa unga kinakutosha kabisa, usinunue kingine." Sijawahi kuona neno moja likijenga imani namna ile. Waliokuwa wamenyamaza wakaanza kuuliza maswali ya kweli: kinawekwa kwenye maikrowevu? Madoa ya manjano yanatoka? Mfuniko ukipotea unauzwa peke yake?

Kulikuwa pia na mgeni wa aina mnayoijua, mjuzi wa kila kitu, akianza haachi. Hakunyamazishwa. Alipewa kazi ya kugawa vyombo na kusoma bei kila mtu anapouliza, akaifanya kwa fahari, na wengine wakapata nafasi. Kwenye kichen pati somo hodari hufanya vivyo hivyo. Yule mwenye kelele anapewa ngoma apige. Wanawake wa hapa kwetu hawahitaji kufundishwa kuzungumza wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Wanahitaji mtu asiyewaharibia.

Sasa kilichonikera, na kilinikera sana. Tulipomaliza kunywa juisi, wakala alisema kila mmoja, kwa zamu kuzunguka duara, ataje kwa sauti atachukua nini. Nilihisi hewa ya chumba inabadilika. Wa kwanza alitaja seti kubwa, wa pili akaona aibu kutaja kidogo, na ilipofika kwa yule jirani yangu mpole akataja bakuli ambalo najua kabisa lilikuwa nje ya uwezo wake mwezi ule. Kuzungumza kote kuzuri kwa mwanzo kukageuzwa kuwa deni. Watu walikuwa wameeleza shida zao za jikoni kwa moyo mweupe, halafu shida zile zile zikawa sababu ya kubanwa mbele ya wenzao. Hilo si ushiriki. Nilimweleza wakala wageni walipoondoka, naye alinisikiliza bila kujitetea, akampigia simu jirani yangu jioni ile ile na kumwambia yuko huru kuahirisha.

Mara iliyofuata alikuja na karatasi ndogo. Kila mgeni aliandika au hakuandika, akaikunja, na aliyetaka kuagiza alimfuata wakala kwenye meza ya chakula, mmoja mmoja, huku wengine wakiendelea na soga. Mauzo hayakupungua; zawadi niliyopata ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Na wageni walikaa mpaka magharibi.

Mambo mengine kwa kifupi. Vyombo ni imara, mifuniko yangu bado inashika. Mzigo ulichelewa kuliko tulivyoahidiwa, ila wakala alitoa taarifa mwenyewe kabla hatujauliza. Malipo ni kwa simu au taslimu, na unaruhusiwa kulipa nusu kwanza. Mchezo mdogo wa kutaja matumizi ya chombo kimoja, mshindi apewe kijiko cha kupimia, unachangamsha na hauumizi mtu. Zawadi kwa atakayeagiza wa kwanza, hapana, hiyo inarudisha ule ule mbano.

Wakala huyu nampa nyota nne kati ya tano, na nawapendekezea wanaotaka kumwita. Ukitaka kuwa mwenyeji, kwa wakala yeyote yule, muulize swali moja kabla hujamwalika hata mtu mmoja: maagizo utayachukuaje? Akikujibu kwamba kila mtu atataja mbele ya wote, mkatalie, na asipokubali kubadilisha tafuta mwingine.