Nakala ya Biblia ya Union Version: Jinsi Inavyomsaidia Msomaji wa Ufunuo 22:18–19

Nimeitumia nakala hii ya Union Version, tafsiri ya Biblia kwa Kiswahili ya mwaka 1952, kwa miezi kadhaa, hasa katika kulichunguza onyo la Yohana kwa yeyote atakayeongeza au kuondoa maneno ya unabii wa "kitabu hiki". Wapo wanaolitumia onyo hilo kukataa kila tafsiri mpya. Kwa maoni yangu wanakosea, kwa kuwa Yohana alikuwa akizungumzia kitabu chake cha Ufunuo, kabla vitabu vya Agano Jipya havijakusanywa kuwa juzuu moja, ingawa amri inayofanana na hiyo imo pia katika Kumbukumbu la Torati 4:2.

Ninachokithamini zaidi ni uaminifu wa tafsiri yenyewe. Katika mstari wa 19 inasoma "mti wa uzima", kama zilivyo nakala za kale za Kiyunani. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "kitabu cha uzima", kosa linalotokana na toleo la Agano Jipya la Kiyunani lililotolewa na msomi Erasmus mwaka 1516: nakala yake ya Ufunuo ilikosa ukurasa wa mwisho, naye akaijaza mistari hiyo kwa kuitafsiri kutoka Biblia ya Kilatini. Inashangaza kwamba jambo hilo lilitokea katika mstari huohuo unaokataza kubadili maneno!

Karatasi ni nyembamba lakini imara, na maandishi yanasomeka vizuri hata kwa macho ya wazee. Hata hivyo, nasikitika kwamba nakala yangu haina tanbihi hata moja ya kumweleza msomaji tofauti hiyo ya "mti" na "kitabu".