Windows 11 toleo la 25H2: tulisubiri 12, ikaja hii, na inafaa

Nina stesheni Chikongola, hapa Mtwara mjini. Nachapa, naprinti, natoa kopi, na naombea watu vyuo na ajira kwa mtandao. Mashine zangu zinawaka kutoka asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo habari za mfumo endeshi nazifuatilia kwa karibu. Mwaka 2025 ulipovuka katikati, wateja wengi waliokuja na begi la mashine begani waliniuliza swali moja: dada, Windows 12 inatoka lini?

Haikutoka. Tarehe 30 Septemba 2025 Microsoft walitoa Windows 11 toleo la 25H2, na hadi naandika haya, Disemba 2025, hawajatangaza kitu chochote kinachoitwa Windows 12. Nimelitumia 25H2 msimu huu wa korosho, wakati ambao kazi hapa haina mapumziko, na nalitunuku nyota nne kati ya tano.

Tetesi za 12 zilikuwa na mizizi. Oktoba 2022, kwenye mkutano wao wa Ignite, ilipita picha ya skrini ambayo ule upau wa chini umeachana na ukingo, unaelea. Watu wakasema ndiyo hiyo. Mwaka 2023 David Zinsner, mkuu wa fedha wa Intel, akagusia Windows kufanywa upya 2024, na hapo moto ukakolea. Ikafika 2024, ikaja 24H2, ambayo bado ni Windows 11. Hata neno la mtu wa ndani si la kuwekea rehani: Mei 2015 kule Chicago, Jerry Nixon wa Microsoft alisema Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho. Miaka sita baadaye, Juni 2021, Windows 11 ikavuja mtandaoni, na tarehe 24 ya mwezi huo huo wakaitangaza rasmi.

Zikifika huku kwetu tetesi zinaongezwa chumvi. Nimesikia kwamba Windows 12 itafunga kila mashine iliyopigwa Windows mtaani, na kwamba italipiwa kila mwezi kama king'amuzi. Kilichoniumiza ni kuona wanafunzi wa chuo wanaahirisha kununua mashine, "nasubiri 12 kwanza", huku ripoti ya mafunzo kwa vitendo wanaichapa kwenye simu. Na wakati wote wanazungumza 12, tarehe moja ambayo haikuwa tetesi hata kidogo ilikuwa inasogea bila kuzungumzwa: 14 Oktoba 2025, mwisho wa Windows 10 kuhudumiwa. Kwetu hiyo ni Siku ya Nyerere, na minada ya korosho ndiyo inapamba moto.

Aliyeiulizia ni mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi upande wa Tandahimba.

"Mwanangu, nimeambiwa mashine yangu itakufa Siku ya Nyerere. Orodha ya wakulima iko humu. Nifanyeje?"

"Haifi, baba. Itawaka kama siku zote. Ila kuanzia hapo Microsoft hawazibi tena matundu ya usalama."

"Kwa hiyo mwizi anapita?"

"Anaweza kupita. Na orodha yako ina namba za akaunti za watu."

Alinyamaza, akaifungua mashine palepale. Ilikuwa HP EliteBook 840 G3, hizi za mtumba ambazo zimejaa mjini. Nikamwonyesha kitu ambacho ningependa kila mnunuzi wa Mtwara na Lindi akijue kabla hajatoa hela. Nenda kwenye taarifa za mashine, soma jina la prosesa, ule ubongo wa mashine. Yake ilisomeka i5-6300U. Ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi chake, na kwa prosesa za Core za Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Ukikuta i5-8250U au i5-8350U, uko salama upande huo. G3 na G5, ambayo ni ya baadaye, ukiziweka mezani pamoja, kwa mtu asiyezijua zinakaribiana, na muuzaji anaweza kukutajia "EliteBook" tu akaishia hapo. Usilipe mpaka uisome hiyo namba kwa macho yako.

Kipimo cha pili ni TPM 2.0, kifaa kinachotunza funguo za usalama. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha tafuta palipoandikwa toleo: panatakiwa pasomeke 2.0. Ikikuambia haipo, usikate tamaa haraka, mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, na fundi anaiwasha. Baada ya hapo RAM, kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi. Microsoft wanataka giga 4, mimi nasema 8, maana ukifungua kivinjari, Word na faili la kuskani kwa pamoja, hizo 4 zinalemewa.

Mashine ya mzee haikupita. Kwa kuwa ni yake binafsi, tulimwandikisha kwenye huduma ya nyongeza ya usalama ya Windows 10, inayokwisha 13 Oktoba 2026. Inalipiwa dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au inakuwa bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Tulichukua njia ya bure. Ana mwaka mmoja wa kujipanga, na msimu huu hautaharibika.

Nasisitiza usalama kwa sababu stesheni ni njia panda ya flashi. Mwalimu analeta andalio la somo, mwanafunzi analeta ripoti, kijana analeta wasifu wake, wote wanachomeka tundu lile lile. Flashi moja yenye virusi asubuhi, jioni imeshafika Mikindani na Newala. Mashine isiyozibwa matundu, mahali kama hapa, inahatarisha mji mzima.

Sasa 25H2 yenyewe. Kama tayari una 24H2, kuipata ni rahisi ajabu: mafaili yake yalishaingia kidogo kidogo kupitia masasisho ya kila mwezi yakiwa yamezimwa, na kifurushi kidogo sana ndicho kinachoyawasha. Niliiweka kabla ya kufungua duka, mashine ikajizima na kuwaka mara moja, printa ikaitikia kama jana. Bando halikutikisika. Anayetoka Windows 10 yeye ajiandae, anashusha giga kadhaa, atafute Wi-Fi ya uhakika. Faida nyingine ni muda: kwa Home na Pro, 25H2 inahudumiwa mpaka 12 Oktoba 2027, wakati 24H2 inaishia 13 Oktoba 2026.

Waliotaka sura mpya watasononeka, maana ukiiangalia huoni tofauti na 24H2. Mimi hilo nalipenda. Mteja akiwa na foleni nyuma yake, sitaki kuanza kutafuta mahali pa kuprinti palipohamishiwa.

Nyota niliyoipunguza ni hii. Toleo la Home linadai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kulianzisha kwenye mashine mpya, na huku watu wengi wananunua mashine kabla hawajawahi kuwa na barua pepe. Upau wa chini hauhamishiki kwenda juu wala pembeni. Ukibofya kulia kwenye faili, baadhi ya amri zimefichwa, unabofya tena kuzifikia. Kwa anayefanya kazi hii kutwa, mibofyo hiyo inachosha mkono.

Mashine yangu moja ya mezani nayo haikupita vipimo. Nimeiwekea Linux Mint 22, mfumo endeshi mwingine ambao ni bure na inahudumiwa mpaka 2029, na kwa kuchapa barua na kutoa PDF inatosha kabisa. Majedwali mazito ya Word huwa yanasogea kidogo yakifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya kuchapia ninayoitumia huko, kwa hiyo hayo nayafanyia kwenye ile yenye 25H2. Ukiwa Mtwara na hujui mashine yako ni kizazi gani, njoo nayo asubuhi kabla foleni haijaanza, pamoja na chaja yake. Kuisoma namba ya prosesa sitozi hela.