Seti ya gasketi na ulanga kwa kichwa cha Exhibition: mpira safi, maelekezo pungufu

Seti hii nimeifunga kwenye kichwa cha sauti cha Exhibition (sehemu inayoshika sindano na kutoa sauti), kile cha ulanga, madini ya tabaka nyembamba angavu, kilichokuja na gramafoni nyingi za Victor na HMV kabla ya miaka ya 1920. Ndani mna vipande viwili vya mrija mwembamba wa mpira (ndizo gasketi, zinazoushika ulanga ukingoni), kisahani cha ulanga kinachotetema, skrubu ya katikati inayokiunga na mguu wa kishika sindano, na kibonge cha nta ya nyuki.

Mpira ndio unaolipiwa, na ni mzuri: unabonyea na kurudi. Gasketi za zamani hukauka zikawa ngumu kama mfupa, ulanga ukabanwa usicheze, sauti ikatoka nyembamba na ya kukwaruza.

Karatasi ya maelekezo inasema fungua skrubu tatu za nyuma, badilisha, funga. Pagumu pote pamerukwa! Skrubu ya katikati kwa kawaida imeshika kutu. Kwangua nta, tia tone la mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, kisha shika mguu wa kishika sindano kwa koleo dogo unapozungusha. Bila hivyo mguu unapinda au ulanga unapasuka.

Gasketi kata kwa wembe, ncha zikutane bila pengo wala kupandana. Pengo huvujisha sauti; zikipandana, ulanga unainuka upande mmoja. Kipande kimoja nilichopata kilipungua milimita 3, ndiyo maana natoa nyota nne.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye springi mbili za kishika sindano. Kabla ya kufunga katikati, mguu uguse ulanga tu, usiusukume wala kuuvuta. Ukisukuma, legeza skrubu ya springi moja na kukaza ya pili, kidogo kidogo, mpaka utulie. Ndipo ufunge skrubu ya katikati na kuiziba kwa tone la nta iliyoyeyuka. Zile tatu za nyuma kaza kwa zamu, bila kusaga mpira.

Ikivuma kwenye sauti kubwa, kagua nta, kisha springi, kisha ulanga wenyewe: madoa meupe ni tabaka zilizoachana.

Jaribu kwa sindano mpya ya chuma na santuri ya kawaida. Ya Siti binti Saad ya 1928 iache kwenye jalada lake kwanza.

Mpira wa shingo, unaounga kichwa na mkono, haumo. Kama wako umekauka, nunua kando, la sivyo kichwa kitatetema hata ulanga ukiwa sawa.