Nikon F ya mtumba: chukua yenye prizimu tupu

Mwandishi wa jeshi la Marekani kule Vietnam alibeba bunduki, daftari na kamera, na mara nyingi kamera hiyo ilikuwa Nikon F. Sababu mojawapo ni shata yake, yaani mapazia yanayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000 inaendeshwa na springi na gia tu. Haina haja ya betri. Ilitoka mwaka 1959 na nyingi bado zinapiga.

Anayeitafuta leo aangalie kwanza kichwa, sehemu ya juu ya kuchungulia. Kile cha Photomic FTn kina kipimamwanga cha betri 2 za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka za alkali, volti 1.5, sindano hudhani mwanga ni mwingi na picha hutoka nyeusi. Tena njia za kaboni ndani yake huchakaa, sindano ikarukaruka. Yenye prizimu tupu, yaani kichwa kisicho na kipimamwanga, ni ghali zaidi, lakini lipa tu. Kwa filamu ya ASA 400 (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga) chini ya mawingu mazito, kama yale ya mapigano ya mji wa Hue, Vietnam, Februari 1968, anzia shata ya 1/250 na f/5.6 (f ni uwazi wa lenzi).

Kabla ya kutoa pesa, zungusha ufunguo wa chini uvue mgongo, kifuniko cha nyuma. Weka sekunde 1, bonyeza, usikilize: mlio ukisita, mafuta yameganda, gharama ya fundi inakungoja. Kisha 1/1000, ukitazama taa kupitia nyuma: upande mmoja ukiwa na giza, mapazia hayaendi sawa. Mikunjo midogo kwenye titani ya mapazia hayo isikutishe. Tundu ndilo baya.

Mgongo huo ndio kero yake kubwa. Unatoka mzima pamoja na kitako, na kubadili filamu umelala kwenye tope kunadai mkono wa tatu. F2 ya 1971 ikauwekea bawaba. Flashi nayo hukaa juu ya kirungu cha kurudishia filamu, kwa hiyo lazima uivue kwanza ndipo urudishe filamu. Ukishapakia, vuta leva huku ukitazama kirungu hicho: kisipozunguka, filamu haijashika, na picha zote 36 zitakuwa hewa.

Lenzi za G, zisizo na pete ya f, usinunue. Nyingine zimulike kwa tochi; nyuzi kama za buibui ni kuvu, na hula kioo. Kwa unyevu wa Mombasa au Unguja, hifadhi lenzi kwenye kasha lisilopitisha hewa, na silika jeli, chembe za kufyonza unyevu, ndani.